Daraja la kwanza safari ndefu: unalipia nini hasa, na lini ubaki zako biznesi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una tiketi ya daraja la biznesi, safari ya masaa 13 bila kutua, shirika limekutumia ofa kwenye simu kwamba ukiongeza hela unahamia daraja la kwanza, unataka kujua kuna tofauti ya maana au wanauza jina. Waliotangulia kukujibu humu nusu wamesema ni kuchoma hela na nusu wameweka picha za shampeni, wote hawajakusaidia. Mi nimepanda hayo madaraja yote mawili, mara nyingi kwa pointi (zile unazokusanya kwenye programu ya shirika la ndege), mara chache kwa hela ya mfukoni, na jibu langu ni kwamba inategemea ndege gani na unaruka saa ngapi, mengine yote ni mapambo.

Kabla ya yote tuelewane tunaongelea kitu gani, maana ndege za ndani kule Marekani nazo zina "daraja la kwanza" ambalo kiukweli ni kiti kipana na soda ya haraka, hilo weka pembeni. Naongelea ndege kubwa, safari ya kuvuka bahari, kule mbele kabisa ambako viti ni vinne, sita, nane, vikizidi sana 14.

Sasa kwa nini watu wanaona kama tofauti haipo? Kwa sababu biznesi imepanda sana. Zamani kitanda cha kulala bapa kabisa kilikuwa cha wale wa mbele tu, British Airways wakaja kukiweka biznesi mwaka 2000 na wengine wakafuata mmoja mmoja. Mlango wa kujifungia nao ulikuwa wa daraja la kwanza, Emirates walianza nao 2003, leo hata biznesi unaupata, Qatar Airways wameuleta na kijumba chao cha biznesi kinachoitwa Qsuite 2017. Ndo maana mashirika mengi yameling'oa daraja la kwanza kabisa, hawaoni kwa nini mtu alipe mara mbili kwa kitanda ambacho nyuma ya pazia kipo. Yaliyobaki nalo yamelazimika kutafuta kingine cha kukupa, na hicho kingine kipo sehemu mbili: chini uwanjani, na usiku ukishalala.

Uwanjani ndo sehemu ambayo watu hawaiongelei na kwangu mimi ni karibu nusu ya hela. Lufthansa pale Frankfurt wana jengo zima la peke yake la abiria wa daraja la kwanza, lipo tangu 2004, yaani huingii kabisa kule kwenye foleni za watu. Unafika, mtu anakupokea kwa jina, anachukua pasipoti na begi, ukaguzi mnafanyiwa humo humo wachache, unakaa unakula kwa kuagiza kwenye menyu, ukitaka kuoga kuna mabafu yenye beseni la kulala ndani. Halafu muda ukifika hakuna cha kusikiliza tangazo wala kukimbilia geti, yule mtu anakuja ulipokaa anasema ndege yako iko tayari, mnashuka chini mnapanda gari, gari inapita katikati ya midege hadi chini ya ndege yako. Air France pale Paris nao wanawaendesha abiria wao wa La Première (ndo jina la daraja lao la kwanza) kwa gari hadi kwenye ndege. Mtu akiniambia hiyo ni showoff tu namuelewa, lakini ukiwa umetoka kazini umechoka na una connection, kutosimama popote ni kitu unakisikia mwilini. Angalizo: ile ya Frankfurt ni ya wanaoondokea pale au wanaounganisha hapo kuendelea, ukiwa umetua na safari yako imeishia hapo haikuhusu.

Na ujue sio wote wako hivo. Kuna mashirika daraja la kwanza lao uwanjani ni launji ile ile ya biznesi na kamba ya velveti katikati. Kabla hujalipa ofa ingia uangalie launji ya uwanja unaoondokea wewe, usiangalie ya makao makuu yao ambayo ndo inapigwa picha.

Sasa ndani. Kiti cha biznesi ukikilaza unapata kitanda, sawa, ila miguu mara nyingi inaingia kwenye kishimo chini ya meza ya jirani na ukitaka kugeuka ubavu lazima upange. Mbele kule hakuna kishimo. Kinachotokea ni hivi: unamwambia mhudumu nataka kulala, anakupa pajama unaenda kubadilisha, ukirudi unakuta kiti hakipo. Pana godoro nene limeshatandikwa shuka lililovutwa mpaka likanyooka, duveti imekunjwa kona moja, mito miwili mmoja laini mmoja mgumu, chupa ya maji pembeni, dirisha limefungwa. Viatu vyako vimeingizwa kwenye kabati na koti limetundikwa. Singapore Airlines kwenye A380 (ile Airbus ya ghorofa mbili) zao za tangu 2017 wamefika mbali zaidi, vijumba sita tu kwa ndege nzima, kiti ni kitu kingine na kitanda ni kingine, kwa hiyo unaweza ukaacha kitanda kimetandikwa ukaenda kukaa kwenye kiti kula, na vya jirani viwili vinaunganishwa kikawa kitanda cha watu wawili. Emirates kwenye baadhi ya Boeing 777 wana vyumba vilivyofungwa kutoka sakafuni hadi juu kabisa, na vile vya katikati visivyo na dirisha wamevibandikia skrini inayoonyesha nje kupitia kamera, mwanzo nilicheka ila baada ya muda unasahau kwamba ni skrini.

Tofauti kubwa ya usingizi wala sio godoro lakini, ni watu. Abiria sita wana choo chao na wahudumu wao, hakuna msururu unapita kichwani kwako usiku kucha, hakuna kigari cha chakula kinagonga. Na hakuna ratiba ya kula, hiyo ndo muhimu kuliko kaviari (yale mayai ya samaki ya bei). Biznesi za wengi wakianza kugawa chakula cha usiku unajikuta umemaliza masaa mawili baada ya kuruka ndo unalala. Huku unasema nimekula launji, niamsheni dakika 90 kabla ya kutua, wanakuacha. Safari yako ya masaa 13 ikiwa ya usiku, hapo umepata usingizi wa maana wa masaa tisa hivi, na hizo ndo hela zako zilipoenda.

Shawa nayo wengi wanauliza. Ipo kweli, Emirates wana mbili kwenye A380, chumba cha juu mbele kabisa, Etihad nao A380 zao wanayo. Unaweka miadi na mhudumu, muda wako ukifika anakuja kukuita, chumba kimeshapanguswa na taulo ziko tayari. Maji unapewa ya dakika tano na kuna taa ya kuonyesha yamebaki kiasi gani, ila unaweza kuyazima ukijipaka sabuni halafu ukayawasha tena, so dakika tano ukizitumia kwa akili ni nyingi kuliko unavyodhani. Ndege ikianza kuruka ruka alama ya mkanda inawaka na kuoga kumeishia hapo. Ushauri wangu usiweke miadi ya saa moja kabla ya kutua kama wanavyofanya wote, weka ukiamka tu, utapata nafasi bila kubembeleza.

Chakula sitakaa nacho sana. Ni kizuri, shampeni ni zile za bei kweli, kaviari ipo kwa wengi wao. Lakini ukiwa juu ulimi wako haufanyi kazi vizuri, hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu mara nyingi chini ya asilimia 20, na kelele za injini nazo zinachangia, chumvi na utamu unavisikia kwa kupungua. Mvinyo wa hela nyingi utaonja vizuri zaidi ukiwa launji chini kuliko ukiwa angani. Na hii hewa ndo kitu ambacho hakuna tiketi inayokiondoa, mheshimiwa wa kiti namba 1A na yule wa ekonomi mstari wa mwisho wanavuta ileile kwa mgandamizo uleule. Ukitaka nafuu hapo chagua ndege, 787 ya Boeing na A350 ya Airbus zinawekwa mgandamizo wa kama uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari wakati ndege za zamani zinafika hadi mita 2,400. Mimi nikipewa biznesi ya A350 na daraja la kwanza chakavu la ndege kuukuu, nakaa biznesi bila kufikiria mara mbili. Ukiweza kupata vyote viwili basi, Japan Airlines wana A350-1000 tangu Januari 2024 yenye vyumba sita vya mbele.

Hii inanileta kwenye kitu ambacho kitakuokoa: angalia ramani ya viti kabla ya kulipa. Shirika moja linaweza kuwa na vizazi viwili vitatu vya daraja la kwanza, bei ileile. Mfano hiyo 777 ya Emirates, ukiona mbele viti vimepangwa kimoja-kimoja-kimoja ndo ile mpya ya vyumba sita, ukiona kimoja-viwili-kimoja ni ile ya zamani ya viti nane, sio mbaya ila sio uliyoiona YouTube. Kuna shirika moja silitaji, niliwahi kukaa mbele kwao, hakuna mlango, skrini ndogo kuliko ya biznesi yao mpya, na jirani upande wa pili wa njia anakoroma cabin nzima inamsikia, maana watu wakiwa wachache hakuna kelele za kumfunika.

Na ndege hubadilishwa dakika za mwisho. Ikija isiyo na daraja la kwanza unateremshwa biznesi, wanakupa vocha na tabasamu. Usikubali haraka haraka. Kama unaondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, au unaenda huko na shirika la huko, kuna kanuni namba 261 ya 2004 inasema ukiteremshwa daraja kwenye safari ndefu, zaidi ya kilomita 3,500, unarudishiwa asilimia 75 ya bei ya tiketi ya hicho kipande (kuna visehemu vichache sheria inavihesabu tofauti, ila safari yako ya masaa 13 imo). Ni asilimia 75 ya bei, sio "tofauti ya madaraja" kama watakavyokuambia kaunta. Iombe kwa maandishi na utunze boarding pass zote mbili, nimeona watu wanazitupa.

Kwa wale mlioniuliza habari ya pointi inbox: ndiyo inawezekana, ila mashirika yanazuia. Singapore Airlines vile vijumba vyao (Suites) wanawapa wanachama wa KrisFlyer, programu yao wenyewe ya pointi, wa programu rafiki (za mashirika washirika) sahau. Lufthansa kwa miaka mingi walikuwa wanaachia viti vya mbele kwa programu rafiki siku za mwisho kabla ya safari, so unabuki biznesi mapema halafu unachungulia kila asubuhi. Na kama shida yako ni kuonja tu sio kulala, tafuta vile vipande vifupi ambavyo shirika linaruka kati ya nchi mbili zisizo kwao, kama Emirates Milan kwenda New York, ni A380 yenye shawa na kila kitu na pointi zinazoenda ni chache kuliko ungetokea Dubai.

Turudi kwako mkuu. Hukusema unaruka saa ngapi. Kama ni mchana, unatoka asubuhi unafika jioni, kaa biznesi, utaangalia muvi mbili utalala kidogo, hela yako ibaki. Kama ni usiku na unashuka kuingia kazini moja kwa moja, na ramani inaonyesha kile kizazi kipya, na nyongeza wanayotaka haizidi theluthi ya ulicholipia biznesi, mimi ningelipa. Ila usilipe leo. Hizo ofa huwa zinabadilika kadri safari inavyokaribia, nimeshaona inashuka siku mbili za mwisho na kaunta ya chekini ikawa chini zaidi, kwa sababu kiti kitupu mbele hakiwaingizii kitu. Hatari yake ni kwamba kinaweza kuchukuliwa, basi kikichukuliwa bado una kitanda chako.

Weka hapa aina ya ndege na namba ya mstari waliokuonyesha nikwambie kiti gani kiko mbali na jiko, mstari wa kwanza kwenye baadhi ya ndege unasikia kila kikombe kinachowekwa mezani.