Jibu: Kwa nini Winnipeg Ice waliuzwa baada ya kufika fainali?

Mkuu, umeuliza kwa nini Winnipeg Ice, timu ya vijana ya hoki ya barafu ya Kanada, waliuzwa 2023 wakati walikuwa wametoka kucheza fainali ya WHL, ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada na Marekani. Kimchezo hawakuwa na shida, shida ilikuwa uwanja wenyewe. Walikuwa wanachezea ukumbi mdogo wa Chuo Kikuu cha Manitoba, watu kama 1,600 tu, na ule mpya walioahidi haukujengwa. Wamiliki wa Wenatchee Wild, timu nyingine ya hoki ya jimbo la Washington, Marekani, wakainunua timu, wakaihamishia kwao na kuipa jina la timu yao, Wenatchee Wild. Wachezaji nao huhama na timu, maana haki zao ni za klabu. Na baadhi yao ni vijana wa sekondari, waanze shule upya ugenini!

Ila Winnipeg nao waliipata timu hiyo 2019 kutoka Cranbrook, mji mdogo wa Kanada ambao timu yake hiyo ilibeba Memorial Cup, kombe kubwa la hoki ya vijana, 2002. Huruma yangu mimi iko Cranbrook.