Muulize Fundi: Vifaa vya turbo kwenye injini isiyo ya turbo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Aristo iliyokuja na 2JZ-GTE ya turbo mbili, sasa imenoki. Ilianza kugonga huku chini nikaendelea nayo siku mbili tatu mpaka ikafa kabisa. Nimepata 2JZ-GE nzima, haina turbo, na jamaa anayenifungia anasema hiyo ni injini ile ile, CC zile zile, tunachomoa turbo na manifoldi (mabomba ya hewa na ya ekzosi) na nozeli kwenye iliyokufa tunapachika kwenye hii natembea kama zamani. Mwingine ananiambia haitamaliza wiki. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na pole sana, najua ile sauti ya kugonga inavyouma moyoni. Hao wawili kila mmoja ana kipande cha ukweli. Jamaa yako hajadanganya kwenye CC, zote mbili ni 2,997, kipenyo cha silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86, bloku zote za chuma cha kalibu. Ukiziangalia kwa nje zimekaa kwenye stendi utasema mapacha.

Tofauti iko ndani kwenye pistoni. Kombresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi ndani ya silinda, kwa GTE ni 8.5 kwa 1, GE ni 10 kwa 1 na zile za VVT-i, zinazobadilisha zenyewe muda wa vali kufunguka, zimefika 10.5. Walioiunda waliishusha ya turbo makusudi kwa sababu walijua turbo, lile pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi, inaingiza hewa tayari imeshabanwa. Chukua hesabu ya kijiweni, sio ya maabara lakini picha utaiona: ukiweka busti, yaani mgandamizo wa hewa unaoongezwa na turbo, ya nusu baa silinda inapokea hewa kama mara moja na nusu, kwahiyo 10 ya GE inakuwa kama 15, wakati 8.5 ya GTE inakuwa kama 12.75 tu. Yaani GE kwenye nusu baa imebanwa sawa na GTE iliyo kwenye robo tatu ya baa, na hapo wewe unajiona bado unaendesha kistaarabu.

Kikibanwa sana kinapata joto, na petroli ikipata joto kupita kiasi haisubiri moto wa plagi uifikie, inajilipukia yenyewe pembeni. Niliwahi kufungua injini ya aina hiyo, mwenyewe aliniambia akikanyaga mafuta anasikia kama kokoto ndani ya kopo, akadhani ekzosi imelegea. Pistoni moja ilikuwa imemeguka pale kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande kama ukucha wa kidole gumba, na plagi ya silinda hiyo ile kaure yake nyeupe ilikuwa na vidoti vidogo vidogo vinang'aa, alumini ya pistoni imerukia pale. Nilipoona ile plagi nilijua kilichomo ndani kabla hata hedi haijatoka. Alafu GTE chini ya kila pistoni ina kijibomba kinachorusha oili kuipoza, GE haina, na konrodi za zile GE za VVT-i ni nyembamba kuliko za GTE.

Na kuna kitu jamaa yako atakigundua siku ya kazi kama hajawahi kuifanya: hedi ya GE sio hedi ya GTE, manifoldi ya hewa ya GTE haikai pale, ya ekzosi nayo hailingani, kwahiyo ile "tunapachika" sio kupachika, ni kutengeneza manifoldi ya GE.

Sasa hili hukuliuliza lakini ndio linanitia wasiwasi kuliko yote. Kule kugonga chini ni beringi, ndio zilizoiua injini yako. Ule unga wa chuma ulikwenda wapi? Ulizunguka na oili, na oili hiyo hiyo ndio inapita kwenye turbo zako. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, ukiulisha unga wa chuma wakati beringi za injini zinakufa na zenyewe zimekwaruzwa. Usizihamishe hivi hivi. Shika shafti kwa vidole, ivute mbele na nyuma, ikicheza namna hiyo ukaisikia basi hiyo turbo imekwisha, ya ubavuni ikicheza kidogo sana ni kawaida ila pangaboi lisiguse nyumba yake. Kibomba kinachopeleka oili kwenye turbo weka kipya. Kipoza oili usikioshe, kitupe, mle ndani kuna vijia vyembamba na hakuna anayeweza kukuapia kwamba uchafu wote umetoka. Intakula, yaani kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ioshe mpaka kinachotoka kiwe kisafi, maana oili iliyovuja kwenye turbo huwa inalala humo.

Oili inarudi kutoka kwenye turbo kwa kuteremka yenyewe, haisukumwi na kitu, kwahiyo bomba la kurudishia liwe nene, literemke moja kwa moja bila kupanda popote, na liingie kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Likikosewa hapo gari inatoa moshi wa bluu, watu wanabadilisha turbo mara tatu wakati kosa ni bomba. Na anayetoboa sampu ikiwa bado imefungwa kwenye injini mnyang'anye drili, yale mabaki ya chuma yanaangukia kule kule kwenye oili.

Upande wa umeme, kontroli boksi ya GE, ile kompyuta ya injini, haijui kitu kinaitwa busti na nozeli zake ni ndogo. Inabidi boksi inayopangwa upya na mtu mwenye mashine ya kupima mchanganyiko, gari ikiwa kwenye busti hewa iwe kama 11.5 hadi 12 kwa petroli 1, moto wa plagi urudishwe nyuma uwake kwa kuchelewa kidogo, plagi ziwe za aina ya baridi zaidi kwa hatua moja na mwanya kama milimita 0.8.

Ingekuwa gari yangu ningeanza na ile iliyokufa. Ifungue, kama bloku haijatobolewa na konrodi na krankishafti inakubali kuchongwa, ijenge upya hiyo hiyo, ndio turbo ya kweli. Mfuko ukigoma, funga GE kama ilivyo, bila turbo, ukitumia waya zake na boksi yake, Aristo ilitoka kiwandani na hiyo injini pia kwahiyo inakaa vizuri na utaendesha miaka. Ukiwa huwezi kuishi bila turbo basi GE na turbo moja ndogo, springi ya westigeti (vali inayozuia busti isizidi) ya 0.4 baa, petroli ya okteni ya juu kila siku sio siku ukikumbuka, na siku ukisikia kokoto kwenye kopo unaachia mafuta papo hapo.

SWALI: Fundi mimi nina 1HZ ya dizeli isiyo na turbo, ile ya Land Cruiser, nataka kuiwekea turbo ya ndugu yake 1HD-T, nayo itapasuka pistoni?

JIBU: Kwako adui ni joto zaidi. Zote ni CC 4,164 ila 1HZ inachoma dizeli kwanza kwenye kichumba kidogo ndani ya hedi na kombresheni yake inazidi 22 kwa 1, 1HD-T inapulizia moja kwa moja juu ya pistoni na ni 18.6. Watu wanafunga na zinatembea, ila busti ya chini, kama nusu baa, na usimruhusu mtu aongeze dizeli kwenye pampu kwa kukisia. Kabla hata ya turbo nunua geji ya joto la ekzosi, sensa ikae kwenye manifoldi kabla ya turbo, na ukipanda mlima mrefu na mzigo ukaona inasogelea digrii 700 punguza mguu, shusha gia, maana pale ndipo hedi za 1HZ zinapopasuka kwenye vile vichumba.