Maswali yenu kuhusu Rome: Total War: ubavu, lango na mji unaoasi

Maswali ya safari hii yanahusu Rome: Total War, mchezo wa kompyuta wa vita vya Roma ya kale, wa mwaka 2004, uliorudi na sura mpya mwaka 2021 na unaopatikana pia kwenye simu. Majibu ni ya kampeni kuu, ile inayoanza mwaka 270 KK.

Wakuu, nianze na familia gani ya Kirumi: Julii, Brutii au Scipii?

Julii, wale wekundu. Wako kaskazini mwa Italia na maadui zao wa kwanza, Wagaul, wanafikiwa kwa miguu. Brutii hutazama ng'ambo, Ugiriki, na Scipii wakishamaliza Sicily mbele yao ni bahari, kwa hiyo utahangaika na meli kabla hujajua kupigana. Agizo la kwanza la Seneti (baraza la Roma) kwa Julii huwa ni kuteka Segesta, mji ulio mikononi mwa waasi. Litekeleze, kisha geukia Mediolanum na Patavium.

Hastati wangu (askari wa miguu wa mstari wa mbele) wanakimbia ilhali tuko wengi kuliko adui. Kwa nini?

Wingi hauondoi woga. Kila kikosi kina ari yake, na kinachoivunja upesi ni kupigwa ubavuni au mgongoni, kuchoka, na jemadari kuuawa. Wengi wanaoanza huwakimbiza askari uwanja mzima wakafika wakihema, halafu humtanguliza jemadari kwenye mikuki.

Jaribu hivi. Hastati sita mstari mmoja, kila kikosi safu nne kwenda nyuma, bila mwanya kati yao. Principes, askari wa miguu walio bora zaidi, vikosi viwili nyuma kama akiba. Triarii, wale wenye mikuki ya kuchomea, kikosi kimoja kila pembe kuzuia farasi wa adui, na vikosi viwili vya wapanda farasi kila upande, mbali kidogo na mstari. Jemadari akae nyuma, katikati. Hakikisha amri ya kurusha wenyewe imewashwa, kisha simama hapo hapo: adui akikaribia, hastati watamrushia mikuki kabla ya kuchomoa panga.

Sasa subira. Ngoja mpaka vikosi vyote vya adui vimeshikwa na mstari wako, ndipo uwazungushe farasi na kuwapiga mgongoni, kwa kubofya mara mbili ili waende mbio. Kishindo cha kwanza ndicho kinachoua. Farasi wakibaki kukatana panga wanaisha mmoja mmoja, kwa hiyo warudishe nyuma, wajipange, warudie. Kwenye kompyuta, kitufe cha P kinasimamisha vita huku amri zikiendelea kupokelewa. Kitumie kila unapopotewa, ni sehemu halali ya mchezo.

Wagiriki wenye mikuki mirefu wananimaliza. Hata farasi wanakufa.

Wanakufa kwa sababu umewapeleka mbele. Ukuta ule wa mikuki ni kifo kwa anayeukabili, lakini hugeuka polepole na mgongoni hauna kinga. Uwekee kikosi kimoja tu mbele, kikiwa katika hali ya kulinda nafasi ili kisijitume, na cha pili kizunguke. Velites, askari wepesi wa kurusha mikuki, warushe kutoka upande wa kulia wa adui, maana ngao hushikwa kushoto na mchezo unalihesabu hilo.

Nateka mji, zamu chache baadaye unaasi. Nakosea wapi?

Pengine palepale ulipoingia. Mchezo hukupa njia tatu: kuukalia mji, kuchukua watumwa, au kuua. Kuukalia ni sawa kwa mji mdogo ulio karibu na kwako. Kwa mji mkubwa wa utamaduni tofauti, watu wote waliobaki watadai ulinzi usio nao. Ukichukua watumwa, nusu ya watu wanaondoka na kugawanywa kwenye miji yako yenye magavana, nayo inakua haraka. Kuua huondoa robo tatu na kukupa fedha, lakini unabaki na mji usio na watu wa kuandikisha jeshini.

Baada ya hapo, shusha kodi hadi kiwango cha chini, bomoa hekalu la wenyeji ujenge lako, na jaza ulinzi kwa vikosi vya bei nafuu. Kinachohesabika ni vichwa vya walinzi kulinganisha na wakazi, si ubora wao, kwa hiyo kuwafungia principes humo ni kupoteza fedha. Umbali kutoka mji mkuu nao huleta manung'uniko. Ukishapanuka, hamishia mji mkuu katikati ya himaya.

Na usikimbilie kupandisha mashamba kila mahali. Watu wakijaa, uchafu huongezeka na utulivu hushuka, hata katika miji yako ya zamani.

Nimeuzingira mji lakini siwezi kushambulia.

Huna cha kuvunjia. Ukuta wa miti unahitaji gogo la kuvunjia lango. Wa mawe unapandwa kwa ngazi au minara. Viagize kwenye dirisha la mazingiwa, maliza zamu, kisha shambulia. Jenga magogo mawili, kwa sababu moja likiungua langoni shambulio zima linakwama.