Maswali ya Wasomaji: Kuunda Meli Ndogo za Mbao

Barua zilizotufikia kuhusu kuunda modeli za meli kwa seti za mbao zimekuwa nyingi, na nyingi kati yake zinauliza mambo yanayofanana. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na nimejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu.

Nimestaafu ualimu na sasa nina nafasi ya kutosha. Tangu zamani nimetamani kuunda HMS Victory, lakini kijana wangu ananisihi nianze na chombo kidogo. Je, nimsikilize?

Shikamoo, mwalimu. Kijana wako amesema kweli, na sababu yake si kwamba mikono yako haiwezi. Victory, iliyoteremshwa majini mwaka 1765 na ambayo bado inatunzwa Portsmouth, Uingereza, ni meli ya milingoti mitatu iliyobeba mizinga 104. Kutengeneza mzinga mmoja na kigari chake ni kazi ya kupendeza. Kuurudia mzinga uleule kwa miezi, ukijua kwamba baada ya hapo zinakusubiri kamba na makapi (roda za kupitishia kamba) kwa mamia, ndiko kunakowafanya watu wengi warudishe meli kabatini ikiwa haijafika nusu. Mara nyingi anayeanza hashindwi na ugumu wa kazi, anashindwa na marudio yake, na marudio huvumilika vizuri zaidi mtu anapokuwa tayari amekwisha kumaliza meli moja na kuiona imesimama.

Ushauri wangu ni uanze na chombo cha mlingoti mmoja, ambacho mwili wake huundwa kwa mbao nyembamba zinazobandikwa juu ya mataruma (mbavu za meli) ya plaiwudi, na uchague seti yenye tabaka mbili za mbao. Tabaka la kwanza huwa la mbao laini yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2, na la pili huwa la mbao nzuri zaidi, kama vile ya mjozi, ambayo unene wake mara nyingi hauzidi milimita moja. Faida yake ni kubwa: kosa lolote la tabaka la kwanza unaweza kulijaza, kulipiga msasa na kulifunika, kwa hiyo unajifunza juu ya mbao ambazo hakuna atakayeziona.

Chombo cha pili kinaweza kuwa skuna ya milingoti miwili, mfano Bluenose, iliyoundwa Lunenburg, Kanada, mwaka 1921. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 43.6, kwa hiyo katika skeli ya 1:64, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 64, utapata modeli ya sentimita 68 hivi. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua seti yoyote, kwa kuwa wengi huanza kutafuta mahali pa kuiweka meli baada ya kuimaliza. Usidhani pia kwamba meli ikipunguzwa zaidi kazi nayo inapungua. Meli ileile katika skeli ya 1:100 ina idadi ileile ya kamba, ila mafundo yake ni madogo zaidi na macho yako yatalalamika mapema.

Nimefika kwenye hatua ya kubandika mbao za ubavuni. Zinakatika ninapozipinda kwenye omo, yaani mbele ya meli, na zisizokatika zinaachana na kuacha mianya. Nimebadilisha gundi lakini hali ni ileile. Nifanye nini?

Ndugu yangu, gundi haina kosa. Tatizo lako limeanza kabla hujaufungua mkebe wa gundi, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu naamini hapa ndipo uzuri wa meli nzima unapoamuliwa, hata ingawa kazi yenyewe itafunikwa yote.

Taruma hukatwa kiwandani likiwa na ukingo wa mraba. Katikati ya meli ukingo huo unafaa, kwa kuwa pale ubao hupita karibu sambamba na mkuku, yaani uti wa chini wa meli. Kuelekea omo na tezi (nyuma ya meli) ubao hupita kwa mshazari, na kama ukingo haukuchongwa kwa mshazari uleule, ubao utagusa ncha moja tu ya taruma. Utakuwa umeshikiliwa na gundi nyembamba kama uzi, na utapindwa juu ya kona kali inayouvunja. Chukua ubao mmoja wa ziada, ulaze juu ya mataruma manne au matano kwa pamoja kuanzia kwenye omo, kisha uinue modeli hadi usawa wa macho mbele ya taa. Pale mwanga unapopenya chini ya ubao, taruma ni fupi au halijachongwa vya kutosha. Pale ubao unapoinuka na kuwaacha majirani, taruma limezidi. Taruma lililozidi unalipunguza kwa msasa wa namba 120 uliobandikwa juu ya kipande cha mbao kirefu kiasi cha kufikia mataruma mawili au matatu, ili moja lisilike peke yake. Taruma fupi unalibandikia ukanda mwembamba wa mbao, kisha unalipiga msasa.

Ikiwa seti yako imekatwa kwa leza, ukingo wa kila taruma utakuwa mweusi kwa kuungua, na weusi huo ni msaada mkubwa. Unapopiga msasa kwenye omo, weusi huondoka kwanza upande ulio karibu na ncha ya meli na kubaki upande unaoelekea katikati, nawe unaona bila kubahatisha ni kiasi gani umechonga. Mstari mwembamba mweusi ukibaki kwenye ukingo huo wa ndani, simama hapo, maana ukiuvuka umeanza kubadilisha umbo la meli lenyewe. Mataruma ya katikati yaondolee weusi kwa kupitisha msasa mara moja au mbili tu, kwa kuwa gundi haishiki vizuri juu ya mbao iliyoungua.

Jambo la pili ni upana wa mbao. Mzingo wa meli katikati ni mkubwa kuliko kwenye omo, kwa hiyo mbao za upana mmoja haziwezi kufika zote mbele bila kupandiana. Pima kwa ukanda wa karatasi kutoka sitahani (sakafu ya juu ya meli) hadi kwenye mkuku. Tuseme katikati umepata milimita 100 na mbao zako zina upana wa milimita 5. Utahitaji mbao 20. Kwenye taruma la kwanza ukipata milimita 60 tu, basi kila ubao lazima upunguzwe hadi milimita 3 mahali hapo, kwa kuuchonga polepole kuelekea ncha. Usipunguze ubao chini ya nusu ya upana wake. Hesabu ikikulazimisha kufanya hivyo, ukatishe ubao mmoja mapema na umwachie jirani yake nafasi. Upande wa tezi mara nyingi mambo hugeuka: nafasi hupanuka, nawe huongeza kipande chenye umbo la kabari.

Kuhusu kupinda, ubao hukubali kupindwa kwa upande wake bapa lakini hupinga vikali kupindwa kuelekea ukingo wake, na anayeulazimisha atauona ukijiinua ukingoni au ukipasuka. Uloweke katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa hivi, ufunge mahali pake kwa vibanio, uuache ukauke kabisa ukiwa umeshika umbo, ndipo uutie gundi. Hapa ndipo mianya yako inapotoka. Mbao iliyolowa huvimba kwa upana. Ukiibandika ikiwa imevimba itakutana vizuri na jirani yake jioni, na itakapokauka itanywea na kuachana naye. Mwisho, bandika ubao mmoja kulia na mmoja kushoto kwa zamu, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku utavutwa na kupinda, na mpindo huo hauondoki tena.

Mianya midogo itakayobaki katika tabaka la kwanza ijaze na uipige msasa bila wasiwasi.

Ni gundi gani inayofaa zaidi, ile nyeupe ya mbao au ile inayokauka papo hapo?

Zote mbili, kila moja mahali pake. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kazi kubwa ya mifupa ya meli na tabaka la kwanza, kwa kuwa inakupa dakika kadhaa za kurekebisha na inaingia ndani ya nyuzi za mbao. Gundi ya papo hapo inafaa pale ambapo kibanio hakifiki, lakini ikimwagika juu ya tabaka la mwisho huziba vinyweleo vya mbao na kuacha doa linalong'aa ambalo rangi ya mbao haiwezi kuingia. Vyuma na mbao viunganishe kwa epoksi. Fungua dirisha unapotumia hizi mbili za mwisho.

Maelekezo ya seti yangu yananitaka nilaze mbao za sitaha zikiwa ndefu kutoka omo hadi tezi. Rafiki yangu anasema hivyo si sahihi. Nani ana haki?

Rafiki yako. Hakuna mti uliotoa ubao wa kufunika sitaha nzima ya meli kubwa kwa kipande kimoja. Mbao ziliunganishwa, na maungio yalikaa juu ya darumeti, yaani boriti zinazobeba sitaha, yakipishanishwa ili yasikae mahali pamoja katika mbao zinazopakana. Ubao wa mita 7 katika skeli ya 1:64 ni kama sentimita 11, kwa hiyo kata vipande vya urefu huo na ulaze kila ungio juu ya mstari wa darumeti uliouchora kwa penseli. Kabla ya kulaza, pitisha penseli laini kwenye kingo za kila ubao. Mstari mwembamba utakaobaki kati ya mbao utaonekana kama kalafati, yaani kizibo cha mianya kati ya mbao. Misumari ya shaba inayokuja na seti nyingi mimi siitumii sitahani kabisa. Kichwa cha milimita moja katika skeli hiyo ni sawa na msumari wenye kichwa cha milimita 64, na sitaha yoyote huharibika kwa kupigiliwa vitu vya ukubwa huo.

Ninafunga ngazi za kamba kwenye mlingoti, na kila ninapopanda juu kamba za pembeni zinavutwa ndani, mpaka katikati zimebanana. Nimezifungua na kuzifunga upya bila mafanikio.

Pole sana, dada. Kamba za pembeni zinavutwa kwa sababu kila fundo linakazwa kidogo kuliko inavyopasa, na makosa hayo madogo yanajumlika. Chora kwenye kadi nene mistari ya kamba za pembeni pamoja na mistari ya vipandio, kisha ifunge kadi hiyo nyuma ya kamba zenyewe. Katika meli halisi vipandio viliachana kwa karibu sentimita 38, ambazo katika skeli ya 1:64 ni milimita 6 hivi. Usianze chini na kupanda mfululizo. Funga kwanza kila kipandio cha tano, hakikisha kamba hazijaiacha mistari ya kadi, kisha urudi kujaza katikati. Fundo lizungushwe kamba na kulazwa tu, bila kuvutwa, likisha kukaa ligusishwe tone la gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, na ncha zikatwe siku ya pili zikiwa kavu.

Chagua uzi mwembamba kuliko ule wa kamba za pembeni. Kamba zisizosogezwa, yaani zile zinazoshikilia milingoti, zilipakwa lami na hufaa ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea, ilhali kamba za kuendeshea matanga na foromali (boriti zinazoning'iniza matanga) zilibaki na rangi ya asili. Tofauti hiyo ya rangi, hata kwa mtu asiyejua chochote kuhusu meli, huifanya kazi yako isomeke.

Nimerithi modeli ya zamani iliyo ndani ya kasha la kioo lililozibwa vizuri. Mizinga na nanga zake zimeota unga mweupe. Je, niusafishe kwa brashi?

Usitumie brashi, wala usiupulize. Karibu kwa hakika vipande hivyo vina risasi, yaani metali ya ledi, na unga huo ni risasi iliyoliwa na mvuke wa asidi unaotoka ndani ya mbao yenyewe, hasa ikiwa kasha au kitako chake ni cha mwaloni. Baadhi ya rangi na gundi nazo hutoa mvuke wa namna hiyo. Kasha lililozibwa kabisa linaufungia mvuke huo ndani pamoja na unyevu, kwa hiyo ule uangalifu uliotumika kulinda modeli dhidi ya vumbi ndio ulioyaharakisha madhara. Unga wa risasi ni sumu ukivutwa au ukimezwa. Waondoe watoto, vaa glavu na barakoa, na uufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ambacho hutakitumia tena.

Kupaka rangi juu ya vipande vilivyoanza kuliwa hakuzuii chochote, kwani uharibifu huendelea chini ya rangi mpaka kipande kivimbe na kumeguka. Vilivyoharibika sana vibadilishwe kwa vya shaba nyeupe au vya aloi isiyo na risasi. Kasha nalo litobolewe matundu machache karibu na kitako na mengine juu upande wa nyuma, yakifunikwa kwa kitambaa chepesi, ili hewa ipite na vumbi lisiingie. Ikiwa modeli ni ya zamani sana, piga picha kila upande na umwonyeshe mhifadhi wa makumbusho kabla hujaondoa kipande chochote.