Viwianishi vya ploti ndani ya mikoko: je, vinaweza kuhesabiwa bila kurudi matopeni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafanya utafiti wa shahada kuhusu mikoko ya hori la Tudor, upande wa Mikindani. Tumevuta mistari kutoka nchi kavu kuelekea majini, na kwenye kila mstari tuna ploti za mita 10 kwa 10. Mwanzo na mwisho wa mstari nilichukua kwa GPS ya simu, uelekeo nikausoma kwenye dira, na umbali wa kila ploti nikausoma kwenye futi ya kupimia. Katikati ya miti simu ilikuwa inarukaruka, kwa hiyo sikuandika kitu. Sasa msimamizi anataka viwianishi (namba za mahali) vya kila ploti. Nitavihesabu vipi? Na kwa nini nukta zangu zikiwekwa juu ya ramani ya zamani ya 1:50,000 zinahama kama mita 300? (Mwanafunzi, Mombasa)

Jibu: Marahaba. Huna haja ya kurudi. Ulichoandika kinatosha, na kusema kweli kuacha kuandika namba za GPS simu ikiwa chini ya miti ulifanya vizuri. Simu ya Android ikionyesha usahihi wa mita 4, maana yake kuna uwezekano wa takriban asilimia 68 kwamba umo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 4. Hapo ni penye uwazi. Chini ya mikoko mawimbi ya setilaiti huzuiwa na majani na kudunda kwenye mashina, na kosa linaweza kupita upana wa ploti yako nzima. Ploti mbili jirani zinaweza hata kubadilishana nafasi kwenye ramani. Futi iliyovutwa sawasawa haikosei namna hiyo.

Kwanza toka kwenye nyuzi uingie kwenye mita. Mombasa imo katika ukanda wa 37 Kusini wa UTM (mfumo wa gridi unaopima mahali kwa mita badala ya nyuzi), ambao mstari wake wa kati ni longitudo 39 Mashariki. Geuza nukta zako mbili kwa QGIS, programu ya ramani, ukichagua WGS 84 / UTM 37S, msimbo 32737 (WGS 84 ni datumu ya GPS, yaani msingi wa kupimia mahali). Utapata namba ya mashariki (E) ya tarakimu sita na namba ya kaskazini (N) ya tarakimu saba inayoanza na 95. Namba hiyo ni kubwa kwa sababu kusini mwa ikweta hesabu huanzia mita 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua unavyokwenda kusini.

Kabla ya kugeuza, angalia simu yako iliandika kwa mtindo gani. Hapa ndipo data nyingi zinapoharibikia. Nyuzi 4 na dakika 03.250 si sawa na nyuzi 4.03250. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo jibu sahihi ni nyuzi 4.05417. Ukizichanganya, nukta inahama karibu kilomita 2.4, na kwa mistari ya Mikindani unaweza kujikuta umepanda mikoko kwenye mitaa ya watu.

Sasa hesabu yenyewe. Wengi hufundishwa kutumia dira, hivi:

E = E ya mwanzo + umbali × sin(uelekeo)
N = N ya mwanzo + umbali × cos(uelekeo)

Sin inakwenda na mashariki na cos na kaskazini, kwa sababu dira huhesabu kutoka kaskazini kwa mwendo wa saa. Ukizigeuza, mstari wako unapinduka. Kwenye Excel usisahau RADIANS, yaani =B2+D2*SIN(RADIANS(E2)), ambapo seli B2 ina E ya mwanzo, D2 umbali na E2 uelekeo, maana Excel haisomi nyuzi moja kwa moja.

Tuchukue namba za mfano: mwanzo E 571800, N 9555900, uelekeo nyuzi 140. Ploti iliyo mita 50 kutoka mwanzo itakuwa E 571832.1, N 9555861.7.

Njia hiyo ni sahihi, lakini kwa hali yako mimi singeitumia. Wewe una nukta ya mwisho pia, na hiyo ni mali. Ukiwa na ncha mbili huhitaji dira kabisa. Gawanya mstari kwa uwiano:

E = E1 + (d ÷ L) × (E2 − E1)
N = N1 + (d ÷ L) × (N2 − N1)

E1 na N1 ni za mwanzo wa mstari, E2 na N2 ni za mwisho, d ni umbali wa ploti kwenye futi, na L ni urefu wote wa mstari kama futi ilivyosoma. Tuseme mwisho wako ni E 571932, N 9555746, na futi ilisoma mita 208. Ploti ya mita 50 inatoka E 571831.7, N 9555863.0. Tofauti na njia ya dira ni kama mita 1.3 tu. Nenda kwenye ploti ya mita 150: kwa uwiano ni E 571895.2, N 9555788.9, kwa dira ni E 571896.4, N 9555785.1. Tofauti imefika mita 4. Kosa la dira hukua kadiri unavyosogea mbali na mwanzo. Kwa uwiano, ncha zote mbili zimeshikwa, halina pa kukimbilia.

Dira nayo ina maadui kapani. Panga kiunoni, simu mkononi, pete za chuma za ubao wa kuandikia: chochote kati ya hivyo kinaweza kuusogeza mshale. Ukikosea nyuzi 2 tu kwenye mstari wa mita 200, mwisho wake unahama mita 7.

Hata hivyo, usitupe ulichosoma. Kitumie kukagua. Kwa mfano wetu, umbali wa moja kwa moja kati ya ncha mbili ni kipeo cha pili cha 132 (tofauti ya E) jumlisha kipeo cha pili cha 154 (tofauti ya N), kisha kipeuo cha jumla hiyo: mita 202.8. Futi ilisema 208. Mita 5 zilizozidi pengine ni futi kuzunguka mizizi ya mikoko badala ya kupita katikati yake, pamoja na makosa ya GPS kwenye ncha. Hilo linavumilika, na uwiano unaligawa mstarini kote. Kama tofauti ingekuwa mita 20 au 30, ningekuambia usihesabu chochote mpaka urudi kuipima upya ncha moja. Ukienda, nenda maji yamekupwa, simama penye uwazi wa anga, acha simu itulie dakika kadhaa, chukua usomaji mwingi na utafute wastani. Siku za bamvua utapata muda mrefu zaidi kwenye ncha ya majini, lakini maji hurudi kwa kasi, kwa hiyo anzia huko.

Kuhusu ramani ya zamani, nukta zako hazina kosa. Karatasi zile za 1:50,000 zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Kwa hapa Mombasa, namba za UTM za WGS 84 zikiwekwa kwenye gridi ya Arc 1960 huangukia takriban mita 300 kusini na karibu mita 100 mashariki ya mahali pake. Usizisukume nukta kwa mkono zikae vizuri. Iambie QGIS kwamba ramani ni Arc 1960 / UTM 37S, msimbo 21037, nayo itazioanisha yenyewe.

Kwenye jedwali la tasnifu andika datumu, ukanda, na safu moja inayosema kila nukta ilipatikanaje: GPS au hesabu. E na N ziishie kwenye mita kamili. Ncha zako zina kosa la mita kadhaa, na desimali mbili baada ya hapo zitamdanganya atakayerudi miaka mitano ijayo kutafuta ploti zilezile.