Tunajibu Maswali Yenu: Umakini Unapokatizwa

Tuliwaomba wasomaji watuandikie ni kitu gani hasa kinachowakatiza wanapofanya kazi au kusoma. Barua zimetufikia nyingi, na simu ndiyo inayoongoza kwa kulalamikiwa, ingawa si peke yake. Tumechagua maswali yanayowagusa wengi.

SWALI: Nachukua simu kuangalia saa tu, nikishtuka nimekaa nayo nusu saa nzima. Programu zinazonipotezea muda nimezifuta na kuzirudisha mara kadhaa. Nifanye nini? (Mwanafunzi wa chuo)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, umeshataja chanzo mwenyewe: uliifuata saa. Simu imebeba kazi nyingi za halali, kama saa, kikokotoo, kamusi, kengele, tochi na kalenda. Kila mojawapo ni sababu nzuri ya kuishika, na ukishaiwasha skrini inakukaribisha kwenye mambo mengine kumi. Kufuta programu hakugusi sababu hizo, ndiyo maana baada ya siku mbili zinarudi.

Anza na karatasi. Kwa siku moja, kila unaposhika simu wakati wa kusoma, andika neno moja la kitu ulichokifuata: saa, maana ya neno, ujumbe, uchovu. Jioni utakuta sababu tatu au nne zinazojirudia. Kila moja itafutie mbadala nje ya simu. Saa ya mezani au ya mkononi huondoa sehemu kubwa ya safari hizo, na kikokotoo cha kawaida na kamusi ya kitabu humaliza nyingine. Neno "uchovu" likijitokeza mara nyingi, hapo hukuhitaji simu bali mapumziko. Simama, tembea dakika tano, kunywa maji, urudi.

Kisha simu iende chumba kingine. Isiwe mfukoni, wala mezani hata ikiwa imelazwa kifudifudi, wala kwenye droo unayoifikia bila kuinuka. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha majaribio ambayo washiriki walifanya mitihani ya kumbukumbu na kufikiri huku simu zao zikiwa kimya. Walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioziweka mezani. Watafiti wengine waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo hatusemi kwamba simu inakupunguzia akili kwa kuwepo tu. Lakini hoja ya umbali inasimama hata bila jaribio hilo: kuinuka na kwenda chumba kingine kunakupa sekunde kadhaa za kujiuliza unaenda kufanya nini, na mkono unaofika mezani haukupi nafasi hiyo.

Angalia pia mlango wa nyuma. Wengi huiweka simu mbali halafu wanasahau kwamba WhatsApp imefunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta. Toka huko kabisa, usifunge kichupo (tab) tu, maana kichupo hufunguliwa kwa mbofyo mmoja.

SWALI: Siwezi kuiweka simu mbali, kwa sababu nina mzazi mgonjwa na lazima nipatikane. Lakini arifa zinanimaliza. (Mhasibu)

JIBU: Pole kwa kuuguza. Hali yako ndiyo iliyotengenezewa Usisumbue (Do Not Disturb), yaani mpangilio wa simu unaonyamazisha kila kitu isipokuwa watu uliowaruhusu, ila watu wengi huiwasha bila kuipanga, wakaikosa simu ya maana siku ya kwanza, wasiiguse tena.

Fungua mipangilio ya Usisumbue kabla ya siku ya kazi, kwa utulivu. Mahali pa simu, ruhusu namba ulizoziwekea nyota tu, halafu weka nyota kwa mzazi, anayemhudumia na mtu mmoja zaidi wa karibu. Ukiweka nyota kwa watu ishirini umeirudisha simu ilipokuwa. Kisha ruhusu wanaopiga kwa kurudia: kwenye simu za Android, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia, kwenye iPhone muda huo ni dakika 3. Waeleze ndugu zako kanuni hiyo waziwazi, kwamba jambo likiwa la dharura wapige mara mbili mfululizo. Wasipoijua haitakusaidia. Mwisho, mwombe mmoja wao apige na umsikie kwa masikio yako. Mpaka ufanye jaribio hilo, wasiwasi utakufanya uichungulie simu kila baada ya muda mfupi, na faida yote itapotea.

Arifa zilizobaki zipunguze moja moja zinapoingia. Bonyeza arifa kwa muda mrefu, utapewa nafasi ya kuinyamazisha au kuizima. Kipimo chetu ni hiki: je, kuna binadamu anayesubiri jibu langu leo? Kama hakuna (matangazo, "umependwa na fulani", mapendekezo ya video), zima bila huruma. Kama yupo lakini anaweza kusubiri saa mbili, nyamazisha. Vikundi vya WhatsApp vinyamazishe kwa kuchagua "Daima", kwa sababu ukichagua muda wa saa nane tu itabidi urudie kila siku, na siku utakayosahau ndiyo siku ya mjadala mrefu.

Usiridhike na mtetemo. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida State walionyesha kwamba watu waliopata arifa wakiwa katika kazi ya umakini walikosea zaidi hata pale ambapo hawakuigusa simu. Simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao imekukatiza tayari, uijibu usiijibu.

SWALI: Ofisini kwetu tumekaa chumba kimoja. Kila baada ya dakika chache mtu anakuja na "samahani, dakika moja tu." Bosi naye anataka majibu kwenye kikundi papo hapo. Nitakataaje bila kuonekana nina kiburi? (Afisa mipango)

JIBU: Dada, au kaka, hili ndilo swali gumu kuliko yote, maana usumbufu huu una heshima na uhusiano ndani yake. Tuligawe sehemu mbili.

Kwanza, elewa gharama iko wapi. "Dakika moja" ya mwenzako kweli ni dakika moja. Kinachoumiza ni kurudi. Unapoiacha kazi katikati, sehemu ya mawazo yako inabaki kule ulikotoka. Sophie Leroy, mtafiti wa tabia za kazini, alilionyesha hilo mwaka 2009, na ndiyo maana unamsikiliza mwenzako nusu nusu na kisha unaisoma sentensi yako mara tatu. Mwaka 2018, yeye na Theresa Glomb walionyesha dawa rahisi: kabla ya kugeuka, andika kwa ufupi umefika wapi na utaanza na nini ukirudi. Mwambie aliyekuja, "Naomba nimalizie kuandika neno, nakusikiliza sasa hivi." Halafu andika, kwa mfano: "Jedwali la 4, safu ya jumla haijalingana, angalia mwezi wa tatu." Sekunde kumi na tano zinatosha. Usiandike "endelea na ripoti", kwa sababu neno hilo halikuonyeshi pa kushika. Tungekuwa na nafasi ya kutoa ushauri mmoja tu katika safu hii, tungetoa huu, maana unafanya kazi hata pale usumbufu usipoepukika.

Pili, kumkatalia mtu. Kumpa muda mwingine ni rahisi kuliko kumwambia hapana: "Hili nataka nilisikilize vizuri. Nikufuate saa tano kamili?" Taja saa, na umfuate wewe. Mtu aliyefuatwa mara mbili kama alivyoahidiwa ataanza mwenyewe kukusanya maswali yake. Ukisema "baadaye kidogo" na usitokee, atarudi baada ya dakika kumi, na ana haki.

Kuhusu bosi, usizungumze naye kuhusu usumbufu. Zungumza naye kuhusu kazi anayoitaka. "Mkuu, bajeti unaihitaji Alhamisi. Naomba kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi niwe nje ya kikundi ili niimalize, na jambo la haraka unipigie simu." Ombi hili lina mwanzo, mwisho, faida yake na njia ya dharura. Likikosa njia ya dharura litakataliwa, na bosi mwangalifu atakuwa sahihi kulikataa. Omba kwa wiki moja kwanza, kisha mpelekee kazi iliyokamilika kama ushahidi.

Kwa barua pepe, zifungue kwa vipindi: ukifika, kabla ya chakula cha mchana, na nusu saa kabla ya kuondoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn, waliwaomba washiriki wao wajiwekee mpaka wa mara tatu kwa siku kwa wiki moja, na msongo wa mawazo ulipungua. Anayehudumia wateja hatamudu mara tatu. Aweke kila baada ya saa moja, na bado itakuwa nafuu kuliko kuiacha wazi siku nzima.

SWALI: Muziki unasaidia au unaharibu? (Bila jina)

JIBU: Inategemea kama kuna maneno. Masikio hayafungwi kama macho, na lugha unayoielewa hupenya hata usipotaka, kwa hiyo wimbo wenye maneno, redio ya mazungumzo au majirani wanaobishana hugombania nafasi na maneno unayosoma au kuandika. Kwa kazi ya mikono au ya kurudiarudia, muziki wowote unaoupenda hauna shida. Kwa kusoma na kuandika, chagua usio na maneno, au sauti isiyobadilika kama mvua au feni, kwa kiwango cha chini.

Vizibo vya masikio vya sponji hufanya kazi nzuri vikivaliwa sawasawa, na wengi hawavivai sawasawa. Kiviringishe kwa vidole safi hadi kiwe chembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka kitanuke. Kikianguka au ukiendelea kusikia mazungumzo waziwazi, hakikuingia vya kutosha.

SWALI: Nina watoto wawili wadogo na ninasomea nyumbani. Nimesoma kuhusu vipindi vya dakika 25. Vinawezekana kwangu? (Mama anayejiendeleza)

JIBU: Mama, vipindi hivyo vilibuniwa na Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya vipindi vinne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Hakuna siri katika namba 25. Siri ni kwamba mwisho unajulikana, na kwa watoto hilo ni jambo kubwa kuliko kwako. Mtoto wa miaka minne hajui "nikimaliza" ni lini; kengele ikilia anaijua.

Anza na dakika 10 au 15. Kabla ya kuanza, maliza yale ambayo lazima yatakuita: choo, maji, kitu cha kutafuna, ugomvi wa kikaragosi. Weka saa ya kengele mahali wanapoiona. Ikilia, acha kazi hata kama sentensi haijaisha, uende kwao kwa dakika tano nzima bila kitabu mkononi. Hapa ndipo mpango huvunjika: mzazi akijiongezea "kidogo tu" mara mbili, watoto hujifunza kwamba kengele haina maana, na kipindi kinachofuata hawataisubiri.

Gawa kazi kwa aina yake pia. Wakiwa macho, fanya inayovumilia kukatizwa: kupanga maelezo, kunakili, kusahihisha, kupitia maswali uliyokwisha kuyajua. Hesabu mpya na insha ziachie muda wanapolala, na muda huo usiutumie kuosha vyombo. Vyombo vinaweza kuoshwa watoto wakiwa macho; insha haiwezi.

SWALI: Simu nimezima, chumba ni kimya, na bado akili inatangatanga. (Mwandishi wa tasnifu)

JIBU: Mara nyingi akili hutangatanga kwa sababu haijui ifanye nini. "Kuandika sura ya pili" ni kazi ya wiki kadhaa. Ukikaa mbele yake, kila kitu kingine kinavutia zaidi. Punguza hadi kitu unachoweza kukianza ndani ya dakika mbili: "Aya inayoeleza kwa nini nilichagua mahojiano badala ya dodoso." Iandike juu ya karatasi kabla ya kufungua kompyuta.

Karatasi hiyohiyo iwe na upande wa wageni. Wazo likija (ada haijalipwa, shangazi hajapigiwa), liandike pamoja na lini na wapi utalishughulikia: "Shangazi, leo saa kumi na mbili jioni, nikiwa njiani." Mwaka 2011, E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba shughuli ambayo haijatimizwa huacha kuisumbua akili pale mtu anapoiwekea mpango mahususi, hata kabla ya kuitekeleza. Neno "shangazi" peke yake litarudi baada ya dakika tano.

Halafu chunguza usingizi wako. Aliyelala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa siku nyingi mfululizo hataponywa na karatasi wala kengele. Na kama kutangatanga huku kumekuwepo tangu utotoni, kunavuruga kazi, fedha na mahusiano pia, au kumeanza ghafla pamoja na huzuni isiyoisha, nenda kwa daktari umweleze hivyo hivyo. Beba mifano mitatu au minne ya wiki hiyo, imeandikwa, maana chumbani kwa daktari mtu husahau.