Namba yangu wameitoa wapi? Majibu kwa waliochoshwa na wauzaji

Nimesajili domeini (jina la tovuti) juzi tu, leo simu haipumziki, kila mtu anataka kunitengenezea tovuti. Msajili, yaani kampuni iliyonisajilia, ndo kaniuza?

Usimrukie kwanza. Kuna watu wana programu kazi yake kunusa domeini mpya, ikishaiona inaiuliza Whois, ile orodha ya mtandaoni ya wenye domeini, nani mwenyewe, na kama namba yako iko wazi ndo imeshaenda hiyo. Mchezo wa zamani huu. Kule Marekani kampuni ya Verio ilikuwa inachota kwa roboti data za waliosajili kwa Register.com halafu inawapigia simu kuwauzia huduma, wakafikishana mahakamani, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaacha zuio dhidi ya Verio libaki palepale. Ingia kwenye akaunti yako uwashe faragha. Tangu sheria ya GDPR ya kulinda data za watu ianze Ulaya Mei 2018, data za wenye domeini nyingi za .com zinafichwa zenyewe, ila domeini za nchi nchi kila moja na taratibu zake.

Si bora niweke namba ya uongo?

Hapana. Domeini inaweza kusimamishwa, na siku ikiibiwa utathibitishaje kuwa ni yako?

Mimi fundi wa mtandao, jina langu liko kwenye database ya RIPE, wale wanaogawa anwani za IP (namba za mitambo mtandaoni) Ulaya na jirani zake, sababu ya anwani zetu. Madalali wa IPv4, zile anwani za mfumo wa zamani, hawaniachi, mara nunua mara uza.

Pole, IPv4 zimeadimika kwa hiyo hao hawaishi leo. Mawasiliano yale yamewekwa ili mtandao wako ukileta fujo saa nane usiku mtu ajue wa kumwamsha, na masharti ya RIPE yenyewe yanakataza kuyatumia kwa matangazo. Toa jina lako, weka la kitengo, na imeili ambayo hujawahi kuitumia popote pengine, maana hapo dalali akiandika hana pa kujitetea, unaichukua ile barua na hedha zake zote (yale maelezo ya juu yanayoonyesha imetoka wapi) unawapelekea wenye database. Angalizo moja: imeili ya kupokea malalamiko usiibane sana na kichuja spamu, maana anayelalamikia spamu mara nyingi anakuambatanishia hiyo hiyo spamu, utamtupa na yeye.

Nimeletewa ankara ya domeini na kampuni siijui.

Usilipe! Soma maandishi madogo, mara nyingi unakuta ni ombi la kuhamisha domeini limevalishwa sura ya bili. Mwaka 2003 FTC, tume ya Marekani ya kulinda walaji, iliibana kampuni ya Domain Registry of America kwa mambo ya namna hii.

Mi nauza hosting, nafasi ya kuwekea tovuti, na nawapigia wenye domeini. Data iko wazi kwa kila mtu, kosa langu nini?

Iko wazi kwa kazi yake, we hukuitwa. Tena umechagua watu wabaya wa kuwasumbua, hao ndo wenye mail server, mitambo ya kupokea imeili, wakichoka wanazuia imeili zote za domeini yako na ankara za wateja wako halali nazo haziendi.